Mistari Tisa ya Mabano

Kazini walimwita Mabano, na jina likamkaa. Lugha ya programu aliyoipenda, ambayo ofisi nzima hakuna mwingine aliyeijua, ilijaa mabano mwanzo hadi mwisho. Riziki yake ilikuwa programu za tiketi za mabasi, na hizo aliziandika kwa lugha ya wote, kama alivyoagizwa. Ila kila Jumatatu, saa ya chakula, alifungua tovuti moja ya mafumbo ya programu, akatatua fumbo la wiki kwa lugha yake, akaliweka hadharani na maelezo chini ya kila mstari. Alitaka watu waione tu. Wiki kumi na moja hakukosa.

Fumbo la kumi na mbili lilikuwa la kupanga zamu za wauguzi, asiwepo wa kukesha mara mbili mfululizo. Wenzake walitumia mistari mia na ushei. Yeye alitumia tisa, na majaribio yote ya tovuti yakapita. Akaenda kunawa mikono akitabasamu peke yake. Kurudi, jibu halipo. Mahali pake pameandikwa kwa herufi nyekundu: "Limeondolewa. Udanganyifu."

Aliwaandikia wasimamizi. Wakamjibu kwamba mistari tisa haiwezi kutosha kazi ile, na kwamba lugha yenyewe hakuna kati yao anayeijua.

"Hawaijui, halafu wanaihukumu!" alifoka.

"Si nilikuambia uachane na hicho kidude chako?" mkuu wa kitengo alisema, macho kwenye simu.

Jioni alimsimulia dada yake mkubwa, fundi cherehani. Dada akasimamisha cherehani katikati ya mshono.

"Wamekuita mwongo, na wewe umekuja kulia kwangu? Waoneshe!"

"Niwaoneshe vipi, dada?"

"Mtu akibisha kwamba gauni nimekata mwenyewe, nachukua kitambaa kingine nakikata mbele ya macho yake."

Ikawa hivyo. Dada akashika simu kurekodi, Mabano akaanza upya kwenye skrini tupu, akieleza kila herufi.

"Hapo umeniacha," dada alimkatiza. "Huyo muuguzi wa pili umemficha wapi?"

Akarudia mpaka fundi cherehani akaelewa. Video akairusha mtandaoni, pamoja na barua ya wasimamizi.

Watu wakaichukua ile mistari, wakaiendesha kwenye kompyuta zao, ikafanya kazi. Wasimamizi walijiwa juu. Siku ya tatu jibu likarudishwa, na ujumbe: wanaomba kuitumia video kuitambulisha lugha hiyo kwa wanachama. Neno la samahani, hakuna. Na kwenye ukurasa wake neno "udanganyifu" bado limekaa.

"Kwanza futeni hilo neno," aliandika, vidole vikigonga kama nyundo. "Kisha mniombe radhi palepale mliponitukania. Video baadaye."

Walisuasua siku mbili. Wakafuta, wakaomba radhi kwa sentensi moja kavu. Video akawapa, kuwasamehe, hapana.

Jumatatu iliyofuata watu arobaini walijibu fumbo kwa lugha ya mabano. Majibu mengi yalikuwa mabovu, akayasoma yote. Mkuu wa kitengo akachungulia begani kwake, akakohoa kidogo.

"Ile programu ya zamu... inaweza kupanga madereva wetu?"

"Inaweza," Mabano alijibu bila kugeuka. "Lete ombi kwa maandishi."