Siku Tatu za Kumngoja Sista

Bwana Mifugo Msangi alimpasua sungura juu ya meza ya darasa la kisomo, Jumanne asubuhi, kwa kuwa kijiji kizima hakikuwa na meza nyingine isiyoyumba. Aliyeshika pamba yenye dawa ya usingizi alikuwa Hildegardi, mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Alitazama lile tumbo lililonyolewa likifunguliwa, akajiona hana nguvu hata ya kuogopa.

"Kizazi kilikuwa kimeoza," alisema Bwana Msangi, akitupa kitu kilichovimba ndani ya beseni. "Chote kimetoka. Chuoni niliwahi kumhasi mbwa jike, ila sungura ndiye huyu wa kwanza. Mimi nimemaliza, mwalimu. Kazi yako ndiyo inaanza."

Akamweleza. Sungura akae pa joto, maana baridi ya Juni ingemuua kabla ya kidonda. Asirukeruke. Afungwe kitambaa tumboni asije akazitafuna nyuzi. Na zaidi ya yote, ale.

"Kidogokidogo, kila saa. Akikataa, mpe maji ya sukari na chumvi kwa bomba hili la sindano, pembeni mwa mdomo. Asipopata choo hadi Ijumaa, ujue tumbo limesimama. Hapo sina la kufanya."

Hildegardi akaitikia kwa kichwa. Kila saa! Alimbeba sungura ndani ya kanga, akateremka nyumbani.

Sungura mwenyewe alikuwa wa mama mkwe wake, Kunigunda. Bibi huyo macho yalimzimika kabisa mwaka uleule walipohamishwa kutoka mlimani Mkumbi kuja kijiji kipya, kando ya barabara ya Matiri. Huku hakujua njia wala jirani. Mtawa mmoja wa misheni ndiye aliyempa sungura mweupe pee, na bibi akamwita Sista. Wenzao walifuga sungura kwa ajili ya mboga. Sista alishinda mapajani mwa bibi akisikiliza habari za mlimani.

Aloyce, mume wa Hildegardi, alikuwa Makambako kwenye ujenzi wa reli. Basi Hildegardi ndiye aliyechota maji, ndiye aliyemwongoza mama chooni, ndiye aliyekwenda shamba la kijiji, na Jumamosi akapanda mlimani kupalilia kahawa yao iliyobaki kando ya mashamba ya ngolo, yale ya mashimo mteremkoni. Jioni akashika chaki. Sista alipoanza kutokwa damu, mama alilia kama mtoto, na Hildegardi akaenda kumwita Bwana Mifugo. Lakini njiani alijikuta akiomba kimoyomoyo wafike wamkute ameshakufa.

Jumanne yote Sista alilala ubavu, masikio baridi. Hildegardi alichemsha maji, akayatia kwenye chupa, akaizungushia tambara na kuiweka mgongoni pake. Akampa maji kwa bomba. Nusu yalimwagika kidevuni. Akamletea majani ya mchunga, akamletea majani ya viazi, akamtwangia karoti aliyoiomba kwa jirani. Sista aligeuza uso.

Jumatano ikawa vilevile. Kitambaa kililegea mara nne, akakifunga mara nne. Darasani jioni aliandika neno moja ubaoni mara mbili, na wanafunzi wake, watu wazima wenye adabu zao, wakalinakili mara mbili bila kuuliza.

Alhamisi balozi wa nyumba kumi, Mzee Protasi, alipita akigonga mlango. "Mwalimu, jana hukuonekana shambani. Leo ni kuvuna mahindi, kila mkono unahitajika."

"Nina mgonjwa, mzee."

"Mama?"

"Sungura."

Protasi akasema kwa upole, "Nenda ukachukue kikapu chako, mwanangu."

"Nenda tu," sauti ya Kunigunda ikatoka ndani. "Niwekee Sista hapa, na hilo bomba nalo. Mikono yangu haijapofuka."

Hildegardi hakuwa na nguvu ya kubisha. Alimweka sungura mapajani mwa mama, akamwonyesha kwa vidole mdomo ulipo, mshono ulipo, bakuli lilipo. Siku nzima akavunja mahindi huku akipanga mahali pa kuchimba kashimo.

Aliporudi jua lilikuwa limeegemea mlima. Mama alikuwa palepale kwenye mkeka, kidevu kijani kwa utomvu wa majani. Alikuwa ameyatafuna majani ya mchunga yeye mwenyewe hadi yakalainika, akamlisha sungura kwa ncha ya kidole, huku mkono mwingine ukimsugua tumbo mbali na mshono.

"Njoo uone," alisema, akakunjua kiganja. "Nimevipapasa kwenye kanga. Ni vyenyewe?"

Palikuwa na vidonge sita vya kinyesi, vidogo, vikavu, mithili ya mbegu za mpapai.

"Ni vyenyewe, Mama."

Hildegardi akakaa chini kwa kishindo. Alitaka kucheka, machozi yakawahi. Akasema bila kujua kwa nini anasema, "Mimi nilimwombea afe. Nilichoka, Mama. Nikaomba afe, nipungukiwe na kazi."

Kunigunda akaendelea kusugua. Sista alikuwa anatafuna, taratibu, pua ikicheza.

"Na mimi," bibi akauliza, "umeshaniombea?"

Hildegardi angeweza kusema hapana. "Mara moja," akasema. "Masika, ulipoanguka chooni na mvua inanyesha."

"Mara moja tu?" Bibi akavuta pumzi. "Mimi nilimwombea mama mkwe wangu miaka minne. Haya, sogea. Egemea hapa."

Hildegardi akaegemea bega lile la mifupa mitupu. Moto wa jikoni ulikuwa umezimika, ugali haujasongwa, na darasa lilikuwa linamsubiri. Akasinzia hivyohivyo, na vumbi la mahindi nyweleni.

Siku ya kumi Bwana Msangi alikuja kutoa nyuzi. Sista alimng'ata kidole gumba, na Kunigunda akamwambia ni haki yake. Hildegardi hakuwepo, alikuwa kisimani kwa safari ya pili, mgongo ukimuuma kama kawaida. Ila tangu Alhamisi ile, majani ya sungura, kuchambua maharage na kupukuchua mahindi vilikuwa vya mama, na hapana aliyethubutu kumnyang'anya.