Pete ya Shingoni

Cheche, fundi wa kuchomelea, alikuwa amevua miwani ya kazi ajifute jasho, na hapo ndipo sanamu yake ilipokohoa. Akaifuta vumbi la chuma puani, akaendelea na goti la kushoto. Karakana yenyewe haina hata feni, nani asingekohoa.

Sanamu aliiunda kwa vyuma alivyookota kando ya reli: misumari ya mataruma mbavuni, majembe mawili mabegani, kipande cha reli kilichopinda mgongoni, kikamwinamisha. Zamani za wakoloni watu waliswagwa kwa viboko kuijenga reli ile, na wengi hawakurudi makwao. Cheche alikuwa na mwiko mmoja wa kazi: chuma cha kuokota hakikatwi, hupachikwa kilivyo. Shingoni aliweka pete nene yenye bawaba. Alidhani ni ya kufungia bomba, akaifanya kola ya shati, mzee wa watu apendeze.

Bibi yake akaingia na birika la chai ya saa nne. Akaitazama sanamu usoni, akatua birika.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ndiye wewe niliyekuacha unatambaa?"

"Ndiye mimi."

"Mbona umezeeka hivi?"

"Ulitaka nitambae mpaka leo?"

Mzee akacheka, misumari ikalia kama vijiko kwenye droo. Maisha yake yote Bibi aliulizwa baba yake kazikwa wapi, naye hakupajua. Sasa alitaka jambo moja tu: baba ajinyooshe, waongozane nyumbani kama watu wengine.

Kwanza akampa chai. Mzee akashindwa kumeza.

"We mtoto," Bibi akamgeukia Cheche, "umemvisha nini mzee wangu?"

"Kola, Bibi."

"Hiyo ndiyo wakoloni waliyomfungia."

Cheche hakubishana. Akauvunja mwiko wake, akawasha grinda, akaikata pete. Mzee akamaliza kikombe kizima. Chai ilimtoka magotini, lakini alisema ni tamu, na alishukuru mpaka Cheche akaona haya.

Mgongo ndio uliogoma. Cheche aliupasha moto ukawa mwekundu, akautia jeki. Jeki ikapinda.

"Acha, mama," mzee akamwambia binti yake. "Niliamriwa nisinyooke mpaka reli ikamilike."

"Ilishakamilika, baba," Bibi akasema. "Watu wanapanda treni, wanalala humo midomo wazi."

"Aliyeniamuru hajaja kuniambia."

Basi Bibi ndiye aliyehamia karakana, kutwa nzima kwenye kigoda kifupi, maana ukikaa chini ndipo unapouona uso wa mzee. Humsimulia nani kaoa, nani kazaa mapacha, nani mvivu kama babu yake. Akiondoka humwambia Cheche, "Ahsante, mjukuu wangu," kila siku, kana kwamba ndiyo mara ya kwanza.

Alasiri treni hupita nyuma ya karakana, abiria wakipunga mikono. Mzee hukatiza maneno, akainama zaidi. Bibi humshikia kikombe mpaka ipite.