Mapazia ya Bibi Nedra

Tavia alikuwa mtoto wa kuuliza, na nyumba ya bibi yake ilijaa mambo ya kuulizwa. Kwa nini mtini wa uani unazaa upande mmoja tu? Kwa nini kinanda kina jino moja lisilolia? Na haya mapazia ya sebuleni, mazito kama blanketi la farasi, kwa nini yamefungwa kamba pembeni na hakuna anayeyashusha hata jua la Julai likituchoma shingo? Maswali mawili ya kwanza Nedra aliyajibu kwa kirefu. La tatu alilijibu vilevile kila mara: ni ya zamani, kula mkate wako.

Hilo peke yake lilikuwa ajabu, maana Nedra Holladay hakuwa mtu wa kukwepa swali. Pale Safford, mji wa jangwani, na katika bonde zima la mto Gila, ukitaka kumfundisha mwanao nyumbani ulianzia kwake. Alifundisha wanawe watano kwenye meza ya jikoni, zamani, wakati watu wa mjini waliona ni wazimu na sheria yenyewe haijakaa sawa. Baadaye sheria ilikaa. Mzazi akaapa kwa maandishi kwamba mtoto anasomea nyumbani, basi, hasumbuliwi na mtu. Nedra akaanzisha mkutano wa Ijumaa, familia zikawa zinakusanyika sebuleni kwake, kila mtoto anasimama kando ya kinanda na kuonyesha alichojifunza wiki ile. Sharti la kuingia alilitunga mwenyewe: uwe na shule ya nyumbani, na usipokee senti ya serikali. Alikuwa na msemo wake, mla cha mwenzie na chake huliwa, na aliusema hata pasipo na chakula.

Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Tavia, binti wa mwanawe Dallin, alifika miaka tisa hajui kusoma. Nedra alijitwika kazi hiyo mwenyewe, kwa kitabu kilekile kilichowafundisha kusoma wanawe watano, na kila asubuhi herufi ziliruka mbele ya macho ya yule mtoto kama panzi. Siku moja wote wawili walilia, mtoto mezani, bibi kwenye chumba cha kufulia. Ndipo Gris, mke wa Dallin, mwanamke wa maneno machache aliyekulia nyumba za wachimba shaba kule Clifton, akasaini mkataba wa akaunti ya elimu. Jimbo linaweka fedha, mzazi ananunua masomo. Gris alinunua mwalimu anayejua watoto ambao herufi zinawaruka. Kufikia majira ya machipuko Tavia alikuwa anasoma maboksi ya nafaka, vibao vya barabarani na chochote kilichokaa kimya mbele yake. Nedra alifurahi, na aliona haya, na hakumwambia mtu.

Lakini mji mdogo hauna chumba cha nyuma. Colleen Udall, msaidizi wake wa mkutano, alimkuta Gris mlangoni kwa yule mwalimu, ambaye mji mzima ulijua analipwa kwa fedha za jimbo, wakasalimiana, na siri ikaishia hapo. Colleen hakuwa mtu mbaya. Alipenda sharti lifuatwe, na aliyemfundisha kulipenda alikuwa Nedra. Alipiga simu kwa sauti ya upole akasema Ijumaa italazimu jambo hilo lizungumzwe, kwa sababu ukifungua mlango kwa mjukuu wako huwezi kuufunga kwa mtoto wa mwenzako. Nedra alitafuta pa kumkosoa akapakosa. Na Ijumaa ndiyo siku pekee ambayo Tavia alikutana na watoto wenzake. Nyumba yao iko mbali, katikati ya mashamba ya pamba, na jirani wa karibu ni pampu ya maji.

Alhamisi mchana Tavia alikuja na chupa ya kioo, ndani yake nge, na mkononi taa ndogo ya zambarau. Alitaka kuvionyesha kesho yake. Taa ile ilikuwa na historia: mara ya kwanza ofisi ya akaunti ilikataa kuilipia, ikidhani ni taa ya disko, mpaka Gris alipoeleza ni ya somo la wadudu. Nedra alimzuia kwenye kizingiti.

"Taa kanunua nani?"

"Akaunti."

"Basi ibaki kibarazani. Unajua sheria ya nyumba hii."

Tavia alikaa kwenye ngazi. Hakununa. Nedra angependa anune, ingekuwa rahisi zaidi. Mtoto aliigeuzageuza chupa mapajani, kisha akainua uso.

"Bibi, mama kasema nikiwa na akaunti, kisheria mimi si wa shule ya nyumbani tena. Hati yetu ya kiapo imeondolewa. Shule ya serikali siendi. Ya binafsi siendi. Sasa mimi nasoma wapi?"

Nedra sheria ile aliijua neno kwa neno, alishasimama mbele ya wabunge kuitetea. Na kweli, kila mlango wa sheria aliougonga kichwani ulikuwa na jina, isipokuwa ule ambao mjukuu wake alikuwa amekaa mbele yake.

"Huyo nge ana nini cha kuonyesha?" aliuliza badala ya kujibu.

"Hapa haonekani. Kuna jua."

Sasa udadisi ni ugonjwa wa ukoo. Nedra alitazama mlango wake, akatazama kibanda cha zana nyuma ya mtini, akajiambia kibanda si nyumba. Wakaingia kati ya majembe na magunia ya chakula cha kuku, akauvuta mlango, Tavia akawasha. Yule nge wa rangi ya majani makavu, wa aina ambayo Nedra aliiua maisha yake yote kwa kisigino cha kiatu bila kuitazama mara mbili, akawaka mwili mzima kijani-samawati, mpaka ncha ya mkia. Nedra aliinama hadi magoti yakalia.

"Kwa nini anawaka?" alinong'ona.

"Hakuna anayejua. Wengine wanasema ngozi yake inamsaidia kujua kama kuna mwanga, ajifiche. Wengine wanasema hamna kazi yoyote, imetokea tu. Bado wanabishana."

"Nani kakwambia?"

"Nimesoma," Tavia alisema. "Mwenyewe."

Nedra alishukuru kile kibanda kuwa na giza.

Ijumaa sebule ilijaa, watoto chini kwenye zulia, mama zao kwenye viti vya kukunja. Gris alisimama karibu na mlango, na taa ilikuwa bado kibarazani, imefuata sheria. Colleen alizungumza vizuri, bila kumtaja mtoto kwa jina. Alisema uhuru walionao haukuletwa na upepo, uligharimu watu, na fedha ya serikali ikiingia, siku moja serikali nayo itaingia kuuliza inafundishwa nini. Vichwa kadhaa vilitikisika kukubali. Cha Nedra nacho nusura kitikisike, kwa mazoea, maana maneno yale yalikuwa yake.

"Dada Nedra," Colleen alimalizia, "sharti ni lako. Tuambie wewe."

Tavia alikuwa anamwangalia. Si kwa kuomba. Alimwangalia kama alivyomwangalia nge, kutaka kujua atafanya nini.

Nedra alisimama, akashika pazia la dirisha kubwa.

"Huyu mtoto ananiuliza kila mara kwa nini mapazia ni mazito. Sijawahi kumjibu," alisema. "Nilipokuwa nafundisha wanangu, haya yalikuwa yameshushwa mpaka saa tisa alasiri, watoto wa shule wanaporudi. Jirani asije akaona mtoto nyumbani saa za masomo akatushtaki. Dallin wangu alijua kunyamaza kabla hajajua kuhesabu. Mtu akigonga, watano wote wanalala chini ya meza, kimya. Niliapa hakuna mtoto wangu mwingine atakayefichwa. Halafu jana nikamkalisha wangu kwenye ngazi. Colleen, uliyoyasema yote ni kweli, na bado nayaogopa. Lakini huyu kaniuliza anasoma wapi, na mimi jibu ninalo moja tu. Anasoma hapa. Tavia, lete taa yako ndani."

Mama mmoja aliokota mkoba wake, akawaita wanawe wawili, akatoka bila kuaga. Mwingine akamfuata. Walikuwa rafiki zake wa miaka mingi, na Nedra aliwasikiliza wakiwasha gari, ikamuuma. Colleen hakuondoka. Alikaa na mikono mapajani kama mtu anayengoja basi asilolijua.

Tavia akaweka chupa juu ya kinanda. "Kuna mwanga mno, bibi."

Nedra akafungua kamba. Pazia la kwanza likaanguka, la pili, la tatu, na vumbi la miaka yote likashuka nalo. Kwenye giza lile alilolifahamu vizuri, mkono wake ukaenda wenyewe mdomoni, kidole juu ya midomo. Aliushusha. Taa ikawaka, nge akawaka, na watoto wakaruka wakapiga kelele zote walizokuwa nazo, na juu ya kelele ikasikika sauti ya Colleen, amepiga magoti kwenye zulia pamoja nao, akiuliza kwa nini anawaka.

Hakuna aliyemwambia mtu anyamaze.