Vioo vya Perihan

Kila asubuhi, kabla sijamaliza kumvalisha mwanangu viatu, nilikuwa nasikia vioo vya roshani ya Perihan vikisukumwa juu ya kichwa changu. Kimoja, cha pili, halafu vyote vinakunjwa pembeni, trrr, trrr, kama mtu anayepanga sahani. Kisha kiti kinaburutwa. Kisha kijiko kinagonga ndani ya bilauri ya chai. Nilijua mpaka sukari anaikoroga kwa muda gani.

Perihan ameolewa na Vahit, kaka mkubwa wa mume wangu Kadir. Wao wanakaa ghorofa ya tatu, sisi ya pili, na mama mkwe wetu, Tenzile, anakaa ya kwanza, karibu na ngazi, ili asipitwe na mtu. Roshani zetu zimepangana moja juu ya nyingine, ukubwa mmoja, saruji moja. Yake ina vioo. Yangu ilikuwa wazi, na theluji ikianguka ilikuwa inaingia mpaka mlangoni.

Mimi nashona mapazia ya duka moja la sokoni. Cherehani yangu ilikuwa inakaa jikoni, kati ya jiko na friji, maana chumba kimoja tunalala na mtoto, na kingine ni cha wageni hata kama wageni hawaji. Wakati wa baridi iliyopita mwenye duka alinirudishia mapazia ya bi harusi. Aliyanusa mbele yangu.

"Selvi," akasema, "mteja ananiuliza hiki kitambaa kimekaangwa na vitunguu?"

Akaniambia yakirudi tena na harufu, kazi anampa mwingine. Kwa hiyo roshani ya vioo kwangu haikuwa mapambo. Nilitaka mahali pa kuweka cherehani kabla baridi nyingine haijafika. Haya, na mapambo kidogo.

Katika jengo letu tuko wanawake kumi tunaocheza upatu wa dhahabu. Kila mwezi tunakusanyika kwa mmoja wetu, tunakula, tunasengenya, na kila mgeni anamwachia mwenye nyumba robo moja ya dhahabu, ile sarafu ndogo ambayo watu wanambandika nayo bi harusi. Anayetusimamia ni Bi Nazmiye wa ghorofa ya nne, na tangu mwanzo alisema hesabu ni ya dhahabu, si ya pesa. Kura ilipopigwa Januari, mkono wangu ulitoka na nafasi ya kwanza. Perihan akatoka na ya kumi.

"Hongera," akaniambia, midomo imemkauka.

Jioni ileile mama mkwe akatuita chini.

"Selvi, mwanangu, badilishaneni nafasi na Perihan."

"Kwa nini, mama?"

"Huyu ni mke wa mkubwa. Halafu hana subira, unamjua. Akingoja mpaka Oktoba atatuua sote humu ndani. Wewe una subira."

Perihan alikuwa anamenya chungwa. Hakuinua hata macho. "Kama hataki, mama, usimlazimishe. Mimi nitakaa na baridi yangu, nimeizoea."

Ungesema amezaliwa ndani ya theluji. Nikakubali. Tulipokuwa tunapanda ngazi, Kadir akanishika kiwiko.

"Afadhali hivyo," akasema. "Wa kwanza anakopa kwa watu tisa, halafu anawalipa mwaka mzima. Wa mwisho ameweka akiba. Hadaiwi na mtu."

"Na huyo wa mwisho anashonea wapi mapazia?"

"Miezi michache tu, Selvi."

Kwake ilikuwa michache tu.

Vioo vya Perihan vilifungwa Februari, wiki ya theluji nzito. Akatuita tukaone. Alikuwa ameweka kochi dogo, zulia, na vyungu vya maua vimepangwa chini ya jua.

"Karibu, mdogo wangu. Vua viatu, zulia jipya hilo. Umeona? Nje watu wanateleza kwenye barafu, mimi hapa nimevaa soksi tu."

"Mungu akubarikie, dada," nikasema.

"Na wewe yako itakuja. Mpaka hapo uwe unapanda, usione haya."

Nikanywa chai yake, nikasifu maua yake. Lakini kichwani nilikuwa na hesabu yangu. Katika zile robo tisa alizouza, moja ilikuwa imetoka mkononi mwangu, nimeilipia kwa mapazia. Basi humo kulikuwa na kioo changu. Nikakitafuta ni kipi. Nikachagua cha pembeni, kinachopata jua kabla ya vingine. Tangu siku hiyo, nikitoka sokoni na mizigo, nilikuwa nasimama barabarani nakitazama kioo changu juu kule, na nyuma yake naona kisogo cha Perihan.

Sikupanda kwake tena. Alikuwa ananiita kupitia dirishani, "Selvi, chai iko tayari!" nami najibu nina kazi. Kazi nilikuwa nayo kweli, jikoni, mlango nimeufunga, sufuria nimezifunika kwa taulo ili moshi usitoke.

Halafu dhahabu ikaanza kupanda. Machi ilipanda kidogo. Mei ikapanda vibaya. Dirishani kwa sonara bei ya asubuhi haikuwa ya jioni. Robo ambayo Perihan aliipokea kwangu na kuiuza kwa bei ya Januari, sasa alipaswa kuinunua kwa bei ya siku hiyo, ampelekee mwenye zamu, na mwezi ujao nyingine, kwa bei mbaya zaidi. Mimi pia nilinunua kwa bei hiyohiyo, vidole vikauma kwa sindano. Lakini zangu zilikuwa zinakwenda mahali ambapo zingerudi. Zake zilikuwa zinakwenda tu.

Nilimwangalia. Mwanzo wa mwaka, Perihan akimimina chai mkono wake wa kushoto ulikuwa unalia kwa bangili kama kengele ya mlango wa duka. Kufikia kiangazi mkono ukawa kimya. Vahit akaanza kufanya kazi za ziada ghalani, anarudi amevimba macho. Nilifurahi. Sikumtakia mabaya, lakini nilipokuwa nasikia vioo vinasukumwa asubuhi, nilikuwa najiambia: sukuma, dada, sukuma, kila ukisukuma unalipa.

Siku ya mwezi wa saba, kwa Bi Nazmiye, akanirushia neno mbele ya wote.

"Selvi ana bahati jamani. Amekaa mwisho kama bwana mkubwa, dhahabu inamnenepea bila kuilisha."

"Na wewe una vioo, dada," nikamwambia. "Tubadilishane tena?"

Wanawake wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na keki. Perihan naye akacheka, lakini meno tu.

Oktoba ikafika, na zamu yangu. Fundi wa vioo alikuja kupima roshani. Vioo navyo vilikuwa vimepanda bei, na robo tisa zingetosha kwa kubanabana. Akaniambia bei ile ni mpaka Ijumaa.

"Ukipungukiwa usijali, shemeji. Nitakugawia ulipe miezi sita, na faida yangu kidogo."

"Sikopi," nikamwambia. "Naishi chini ya mtu aliyekopa."

Siku ya wageni niliamka alfajiri kufunga manti, vile vifurushi vya unga vyenye nyama ndani. Nilivifunga vidogo sana, kijiko kimoja kibebe vingi, maana nilijua Perihan atakuja kuvihesabu. Nikatengeneza mtindi wa kitunguu saumu, siagi ya pilipili, keki mbili. Wakaja, wakala, wakasifu. Baada ya chai wakaanza kuweka robo zao kwenye kisahani, moja moja, na kila moja ilikuwa inagonga, ting. Nilikuwa nasikiliza tu. Ting. Ting.

Perihan akaweka bahasha. Haikugonga.

Nikaifungua. Zilikuwa noti.

"Hii nini, dada?"

"Haki yako." Alikuwa amejiandaa, sauti haikutetemeka. "Hiyo ni bei ya robo ya Januari, siku ile uliyonipa. Ulinipa kitu cha bei hiyo, nakurudishia bei hiyo. Sijakata hata lira moja."

Bi Nazmiye akaweka uma wake chini. "Perihan, hapa tunahesabu dhahabu."

"Dhahabu nimewapa, Bi Nazmiye! Ninyi wote wanane. Yupo ambaye hakupata? Aseme. Nimevua bangili za harusi yangu ili mpate." Akainua mkono, mtupu mpaka kwenye kiwiko. "Lakini huyu ni wa nyumbani. Wa nyumbani naye anikamue?"

"Kwa hiyo majirani umewapa dhahabu," nikasema, "mimi wa nyumbani umeniletea karatasi."

Kuna aliyecheka ndani ya bilauri yake.

"Usinizungushie maneno mbele za watu, Selvi. Wewe umekaa unangoja bei ipande. Mimi nimeumia."

"Umeumia ukiwa kwenye jua."

Mama mkwe akanigusa goti. "Pokea, mwanangu. Yaishe. Kitakachopungua utajazia polepole. Wewe una subira."

Lilikuwa neno lilelile la Januari, na sauti ileile. Nikamtazama Perihan. Alikuwa amekaa wima sana, kama mtu anayebeba sinia kichwani, na niliona kwamba robo hana. Kweli hana. Kama angekuwa nayo angeipiga mezani kwa kishindo ili tusikie. Nilimwonea huruma kidogo, halafu nikakumbuka kisogo chake nyuma ya kioo.

"Sawa, mama. Subira ninayo," nikasema. "Ninachokosa ni mahali pa kuikalia."

Nikairudisha bahasha mapajani kwa Perihan.

"Chukua karatasi zako, dada. Nakudai robo, na nitaingoja. Wala sitakuuliza lini. Ila baridi hii sishoni tena jikoni. Mpaka siku utakayoileta, cherehani yangu itakaa kwenye roshani yako."

"Kwenye roshani yangu?"

"Kioo cha pembeni ni changu. Nitakaa kwenye hicho tu, vingine sivigusi."

Wote wakaanza kusema kwa pamoja. Mama mkwe akasema aibu gani hii, ndugu kwa ndugu. Perihan alikuwa mwekundu mpaka shingoni. Bi Nazmiye akawanyamazisha kwa kiganja.

"Mimi naona ni haki," akasema, kisha akachukua uma wake. Kwa Bi Nazmiye, uma ukirudi sahanini, kesi imekwisha.

Nilimpelekea fundi pesa za robo nane ili ashike bei, vioo alete nikimalizia. Kesho yake asubuhi Kadir akanibebea cherehani juu, njia nzima anarudia, "Selvi, mimi simo, mimi nabeba tu." Perihan akafungua mlango, akasogea pembeni bila salamu.

Nikakaa pembeni, kwenye kioo changu.

Nilitaka pawe pabaya. Nilitaka vioo viwe vinatoka jasho, upepo uwe unapenya kwenye mapengo. Niliweka kiganja kwenye kila pengo nikiutafuta upepo. Hakukuwa na upepo. Na jua! Kwangu, jengo la mbele linalizuia mpaka karibu saa sita. Kwake hakuna kinachozuia. Saa mbili tu lilikuwa limekwisha panda mapajani mwangu, likaingia kwenye kitambaa, nyuzi zikaonekana moja moja. Mbali kule, theluji ya mlimani ilikuwa inang'aa. Hapo ndipo nilipojua kwamba vioo vyangu vitakuwa kama vyake, vya fundi yuleyule, nitavilipia bila kukopa, na jua hili halitakuwamo. Ghorofa moja tu chini. Hakuna robo ya dhahabu inayoweza kuipandisha nyumba yangu ghorofa moja.

Nikashona kwa hasira, na mishono ikatoka mizuri.

"Cherehani yako inapiga kelele," Perihan akasema kutoka sebuleni.

"Jikoni kwangu pia ilikuwa inapiga."

Siku zilizofuata hakuwa na pa kukaa. Kochi lilikuwa limejaa vitambaa vyangu. Akawa anakunywa chai jikoni, amesimama, na mimi namsikia kijiko. Siku moja akaniletea bilauri, akaibwaga mbele yangu mpaka chai ikaruka.

"Utaondoka lini?"

"Jibu unalo wewe, dada."

Nikainywa polepole sana. Mwenye duka aliyanusa mapazia ya wiki ile, akaniongezea kazi.

Vahit alipolipwa mshahara wa mwezi, Perihan akaja akasimama kwenye mlango wa roshani. Alikuwa amevaa koti, pua nyekundu, ametoka kwa sonara moja kwa moja. Akafungua kiganja.

"Haya. Robo. Ya leo, kwa bei ya leo. Sasa beba mashine yako uende kwako."

Ilikuwa robo kweli, mpya, inang'aa. Nikaitazama, nikatazama pazia lililokuwa chini ya sindano. Mapazia yalikuwa yamebaki mawili. Jua lilikuwa bado liko kwenye magoti yangu.

"Iweke hapo, dada," nikasema, mguu bado uko kwenye pedali.

"Dhahabu yako si hii? Unangoja nini tena?"

Nikavuta kitambaa, nikatafuta upande wenye pindo refu kuliko yote, nikaanza hapo.