Mchumi Anataka Kuuza

Kwanza kilisikika kikohozi. Hakikuwa cha mafua. Kilikuwa kile cha mtu anayetaka watu wanyamaze kabla hajafika mlangoni. Cherehani ya dada iliendelea kulia. Mimi nilikuwa napiga pasi kola za sare za shule, nikajua tu: shemeji anakuja na maarifa.

Mtaani wanamwita Mchumi, naye anadhani wanamheshimu. Uchumi wake wote kausomea kwenye simu, kakaa chooni. Kila asubuhi, kabla hajanawa uso, anaangalia bei ya vipande vya mfuko wa uwekezaji. Ikipanda, anakula mayai mawili. Ikishuka, nyumba nzima imefiwa. Kuna watu wanaopanda mnazi halafu kila kukicha wanaufukua waone kama umeshika mizizi. Mmoja wao kamuoa dada yangu.

Dada ni fundi cherehani. Mama yetu naye alikuwa fundi, mpaka macho yakamgoma, akaishia kuwaomba watoto wake hata nauli ya kwenda hospitali. Dada aliliona hilo. Kila mwisho wa mwezi, akishatenga kodi na akiba ya dharura, hununua vipande vyake vichache, bei iwe juu au chini, kisha anarudi kwenye kazi yake. Ni pesa ya siku macho yake yatakapogoma. Mfuko wenyewe umetawanya fedha kwenye kampuni nyingi, ili moja ikijikwaa zisianguke zote. Basi. Halihitaji kikohozi hilo.

"Mama Watoto, soko limekufa," shemeji alisema, hata hajaketi. "Nipe namba yako ya siri niuze vipande vyako, tuokoe kinachookoleka."

"Limekufa lini, na mbona hatujaitwa kuzika?"

"Mwezi mzima bei inashuka. Wewe huoni."

"Naona. Mwezi huu pesa ileile imeninunulia vipande vingi zaidi. Kitambaa kikishuka bei, siuzi nilichonacho kabatini. Naongeza."

Akanigeukia mimi. "Shemeji, hebu mweleweshe dada yako. Wanawake na hesabu, unajua tena."

"Mimi mpiga pasi tu, shemeji. Hesabu ya kukimbilia hasara sijafundishwa."

Dada akasimamisha cherehani. "Na vyako umeviuza lini?"

Akafungua kifungo cha shati, akakifunga tena. "Jumatatu."

"Leo bei ikoje?"

"Imepanda kidogo. Danganya toto hiyo."

"Imepita ile uliyouzia?"

Akainama, akaanza kuokota vijiuzi vilivyotapakaa sakafuni. "Imepita."

Hapo ndipo nilipomdharau sawasawa. Siku zote nilidhani ni mjinga, na ujinga una dawa. Kumbe alijua. Alijua ameuza vyake kwa bei ya kutupa, na badala ya kuimeza aibu yake mwenyewe, alikuja kumtafutia mkewe kijiko waimeze wote. Uzee wa mwanamke uteketee, ili bwana mkubwa asiwe mjinga peke yake.

"Tukiuza wote," akasema kwa sauti ya chini, "watu hawataniuliza mimi tu."

"Watu gani?"

"Watu."

Nilifungua mdomo. Dada akanitupia jicho, nikaurudisha ulimi wangu ndani kwa shida, nikaigandamiza pasi kwenye kola ya watu mpaka ikaanza kunuka.

Yeye hakumtukana. Alikata uzi kwa meno, akaikunja sare iliyokwisha, akaiweka juu ya zingine. Kisha akamtazama mumewe usoni.

"Baba Watoto, nisikilize, na mdogo wangu awe shahidi. Mwisho wa mwezi nitanunua tena, bei ipande isipande. Hiyo ni ahadi. Na tukishazeeka, ukiniomba hela ya kinyozi, nitakupa, nakuahidi, wala sitakuuliza ulipeleka wapi zako. Namba sikupi."