Tiki Tatu za Baba Mdogo

Maabara ilipiga simu Ijumaa saa nne asubuhi. Daktari wa farasi aliipokea akiwa amesimama katikati ya banda, glavu moja mkononi, nyingine ameibana kwa meno. Ubongo wa farasi jike namba thelathini na saba ulikuwa na kichaa cha mbwa. Glavu ikamdondoka mdomoni, wala hakuiokota.

Kwa miaka tisa alikuwa akichunguza msokoto wa tumbo, maumivu yanayomfanya farasi wa kilo mia tano agaegae chini kama mtoto aliyenyimwa titi. Alikuwa amepapasa matumbo mengi mpaka wenzake wakambandika jina la Bibi Tumbo, naye jina hilo alilipenda kupita cheo chake. Basi Jumatatu, alipomkuta namba thelathini na saba akijibwaga, akijing'ata ubavu na kuchuruzika udenda, hakujiuliza mara mbili. "Tumbo hilo," alisema, akaagiza uletwe mpira wa kupitishia dawa puani hadi tumboni. Angetokea mtu siku hiyo akamtajia ugonjwa mwingine, angemcheka. Jumatano farasi akaanza kutafuna mlango, miguu ya nyuma ikalegea, na kabla ya adhuhuri akafa, mtoto wake wa wiki tatu akimnusanusa. Ubongo wake ukapelekwa maabara.

Sasa daktari hakujiogopea mwenyewe. Yeye alikuwa amechanjwa. Aliyemwogopea ni Baba Mdogo.

Huyo alikuwa mdogo wa marehemu baba yake na mtunza farasi wa kituo chao cha utafiti tangu zamani. Ndiye aliyemlea, na ndiye aliyemfundisha mambo ya farasi kabla shule haijamfundisha kusoma. Jumatatu ile mpira ulikosea njia ukatokea kinywani, farasi akaubana kwa meno, na Baba Mdogo akatia mkono auchomoe. Aling'atwa kati ya kidole gumba na cha shahada. Akafunga kitambaa, akasema farasi huyo hana adabu, akaendelea na kazi.

Na Baba Mdogo hakuwa amechanjwa. Sheria ya kituo ilikuwa kwamba hakuna kuingia bandani bila sindano tatu za kinga ya kichaa cha mbwa, na daftari la chanjo lilikuwa mikononi mwa Bibi Tumbo. Miezi minane iliyopita, siku ya chanjo, mzee huyu anayesimama mbele ya dume lenye hasira na kulitukana alikutwa amejibanza nyuma ya marobota ya nyasi. Sindano! Hicho tu ndicho alichokiogopa duniani. "Mwanangu, niandike tu," alibembeleza. "Humu kuna mbwa gani? Humu kuna matumbo tu." Bibi Tumbo alicheka mpaka machozi yakamtoka, akampigia tiki. Sindano ya pili, tiki. Ya tatu, tiki. Alimpenda, na upendo mwingine ni upumbavu mtupu.

Kabla ya saa sita walikuwa wamekaa kwenye benchi la zahanati: yeye, Baba Mdogo, na mkuu wa kituo aliyepakata daftari mapajani. Muuguzi alilifungua, akapitisha kalamu kwenye majina.

"Vizuri," alisema. "Wote wawili mna chanjo kamili. Mwili uliokwishachanjwa una kumbukumbu, unahitaji kukumbushwa tu. Sindano mbili kila mmoja, basi."

"Mbili tu!" Baba Mdogo uso ukamng'aa. Akamkonyeza daktari kwa siri, konyezo la watu wawili waliokula njama. Hakuelewa. Masikini, hakuelewa kabisa kwamba mwili wake hauna kumbukumbu yoyote ya kukumbushwa.

Daktari alielewa. Aliijua picha nzima: wiki mbili tatu za uzima, kisha kidonda kuwasha, kisha kushindwa kumeza maji, na baada ya hapo hakuna daktari wala dawa. Aliliona pia daftari. Daftari hilo lilikuwa sehemu ya kibali cha utafiti wake, na uongo ndani yake ungezika miaka tisa kwa siku moja. Akajiona mchafu, kwa sababu kwa muda wa pumzi moja alikuwa amepima vyote viwili.

Muuguzi alikuwa amekwishavuta dawa kwenye bomba la kwanza.

"Subiri," daktari alisema. Kisha akasema tena kwa nguvu mpaka mtu aliyekuwa mlangoni akageuka. "Subiri! Hajachanjwa. Hata mara moja. Tiki zile nilizipiga mimi."

Mkuu wa kituo alilichukua daftari kutoka mezani, akalifunga polepole.

"Mwanangu," Baba Mdogo alinong'ona, "umenichongea?"

"Nimekuchongea, Baba Mdogo. Ningenyamaza ningekuzika."

Muuguzi hakupoteza muda na lawama. Alifungua friji, akatoa kichupa kingine. "Huyu anahitaji kinga ya kudungwa palepale kwenye kidonda, leo hii," alisema. "Na sindano nne za chanjo, siyo mbili."

"Nitapona?" mzee aliuliza. Alikuwa hana utani tena.

"Dalili hazijaanza. Umewahi."

"Sisi tutaongea Jumatatu," mkuu alimwambia daktari bila kumtazama, akatoka na daftari kwapani. Daktari alimsikia kwa mbali tu. Muuguzi alikuwa akifungua kitambaa, na Baba Mdogo alikuwa ameanza kuvuta mkono, macho yamemtoka pima.

Daktari alipokuwa na miaka sita, Baba Mdogo alimwonyesha namna ya kumshika mtoto wa farasi anapodungwa: mkumbatie kichwa, mlaze begani, mfunike jicho, asiione sindano. Sasa daktari akamkumbatia mzee kichwa hivyo hivyo. Akakilaza begani. Akamfunika jicho kwa kiganja, na chini ya kiganja akahisi maji ya moto.

Sindano iliingia kwenye jeraha. Mzee aliguna, akamshika daktari koti la kazi kwa mkono usio na jeraha, asiliachie. Ikaingia tena, upande wa pili wa jeraha. Kisha chanjo, begani. Muuguzi akachukua kadi mpya, akaandika tarehe, akapiga tiki moja.

"Bado ngapi?" Baba Mdogo aliuliza, jicho lingali limefunikwa.

"Bado tatu, mzee."

Daktari alisubiri abembeleze. Hakubembeleza.