Nzuri, Ila

Sauti ile ni yangu. Naanza na hilo kabla hamjamlaumu Makena peke yake.

Makena alikuwa mwanabiokemia wa chuo kikuu, miaka kumi na moja na vimeng'enya vyake maabara, mpaka alipochoka kuandika makala zinazosomwa na watu sita. Akaacha kazi, akafungua kampuni Stratford, hapa London, akatengeneza kidonge cha kushusha sukari. Kilipofikia kujaribiwa kwa watu, alishikilia jambo moja: wazee wetu wa Ilford na Walthamstow wawemo, kwa sababu wanaumwa kisukari kama wengine lakini hakuna anayewakumbuka dawa zinapojaribiwa. Hapo nilimpenda, na hata leo siwezi kusema alikosea.

Kila asubuhi mashine ingewapigia simu kuwauliza hali zao, nayo ilihitaji sauti. Kiswahili cha Makena ni cha Meru, hakiendi mpaka kisukumwe. Mimi Zein, rafiki yake, mtu wa Mombasa, mkalimani wa mahakamani, nikajiona mfalme. Maneno niliyatunga mwenyewe. "Habari ya leo?" Mtu akijibu nzuri, salama au sijambo, mashine inaandika hana tatizo, inamwambia "Asante, siku njema," inakata. Akijibu mbaya, inamuunganisha na nesi.

Siku arobaini na moja, watu sitini na wanne, na nesi hakuunganishwa na hata mmoja. Makena alinionyesha kwenye kompyuta: hana tatizo, hana tatizo, mpaka chini. Wawekezaji walikuwa wakimwita malkia. Mimi nikajiuliza: Wazee wote hao, siku zote hizo, asitokee hata wa kuumwa kichwa? Lakini nilinyamaza, maana sifa zilikuwa zangu pia.

Jumamosi moja ya Januari nikakutana na Anti Anastasia kwenye barabara ya maduka, Ilford. Ni shangazi yake Makena, nesi mstaafu, ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki, na alikuwa wa kwanza kujiandikisha kwenye majaribio. Baridi ile, alikuwa amevaa ndala na soksi.

"Hujambo, Anti?"

"Sijambo, mwanangu."

Kisha akajitupa kwenye benchi. Miguu ilikuwa imeumuka kama unga wa mandazi, na macho yake yalikuwa ya manjano.

"Anti, miguu imeanza lini?"

Akanitazama kwa hasira. "Unaniuliza wewe? Si nakuambia kila asubuhi? Wiki tatu nakuambia nzuri, ila miguu imevimba. Nzuri, ila mkojo umekuwa kama chai ya rangi. Na wewe unaniambia asante, siku njema. Nikajua mmesikia. Nikasema basi, ndivyo hiyo dawa ilivyo."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mswahili gani akiulizwa habari hujibu mbaya? Hata aliyefiwa husema nzuri, ila mzee ametutoka. Habari yenyewe hukaa baada ya "ila", hilo analijua mtoto wa chekechea, nami mjuaji wa lugha nilikuwa nikiwakatia simu kabla hawajaifikia.

Nilimkataza kumeza hata kidonge kimoja zaidi, nikampeleka hospitali, akalazwa. Kutoka hapo nikaenda moja kwa moja Stratford. Makena alikuwa ofisini na Ushma, msimamizi wa data. Nikawaeleza, na Ushma akafungua rekodi.

"Nzuri, ila tumbo..." Asante, siku njema.

"Salama, lakini macho..." Asante, siku njema.

Mzee mmoja wa Walthamstow alipiga kelele, "Ngoja, kijana!" nami nikamtakia siku njema. Tulifika watu ishirini na wawili, Ushma akatoka nje akilia.

Makena hakulia. "Zein, Jumatatu niko na board. Wawekezaji wanasign Jumatatu."

"Simamisha leo. Wapigie watu wako waache kumeza."

"Ni shangazi yangu! Unadhani sijui?" Akajifuta uso kwa kiganja. "Nitasimamisha. Leo leo. Simu, dawa, kila kitu. Naapa."

Majina na namba za wagonjwa alikuwa nazo yeye. Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini, na nikaenda zangu nyumbani.

Jumapili asubuhi nilimkuta hospitali, ameushika mkono wa shangazi yake. Anti Anastasia alikuwa amefumba macho, ngozi imekuwa ya manjano, akili inakuja na kuondoka. Daktari alikuwa amesema ini linakufa.

"Umewaambia?" nikamuuliza Makena.

"Nimesimamisha kila kitu jana," akasema. "Watu wote wamejua."

Saa tatu kamili simu ya Anti ikalia pale kando ya mto. Makena akanyoosha mkono haraka, lakini mgonjwa alikuwa ameshaigusa kwa mazoea.

"Habari ya leo?" Sauti yangu, changamfu kabisa, ikajaza chumba.

Makena akatazama viatu vyake.

Anti Anastasia hakufumbua macho. Alivuta pumzi kwa shida, akasema, "Nzuri," halafu akanyamaza kidogo, kwa adabu, akingoja nafasi ya kuendelea.

"Asante," nikamwambia. "Siku njema."